Safu ya Uandishi Iliyodumu Miaka Mingi: Namna ya Kuipa Mwelekeo Mpya

Safu ya kila wiki iliyodumu miaka kumi ina makala zipatazo 520, na mwenyewe pengine anakumbuka thelathini. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta wazo jipya. Anza kwa kusoma yote uliyokwisha kuandika, hata yale yanayokutia haya.

Tengeneza jedwali lenye sehemu tano: tarehe, kichwa, msomaji uliyemlenga, jambo ulilofundisha, na kama jambo hilo bado linafaa. Dakika tatu kwa makala zinatosha. Ukipitia makala 40 kwa kikao cha saa mbili, vikao 13 vitakumalizia kazi. Nakala za gazeti ulizopoteza, ulizia Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, kabla ya kukata tamaa. Kwenye sehemu ya nne tumia kitenzi: kufungua insha, kuandika mazungumzo, kufupisha. Ukijaza “uandishi bora” kila mstari, jedwali halitakuambia lolote.

Kisha panga jedwali kwa kufuata vitenzi, uhesabu. Jambo lililokula zaidi ya moja kwa tano ya makala ndilo lililokuwa safu yako halisi, kichwa chake kidai kitakacho. Kwa safu nyingi za Kiswahili hapa Nairobi jambo hilo litakuwa insha ya mtihani, na hapo kalenda imekwisha kukuamulia. Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ile ya dakika 40 na alama 40, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Karatasi ya insha (102/1) ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yenye insha mbili za alama 20 kila moja kwa saa moja na dakika 45, ingali ipo, lakini kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza 2024 na mtihani wake ni 2027. Wahudumie hao mpaka wamalize. Usijenge juu yao.

Utamwandikia nani sasa?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kubadilisha mada badala ya kubadilisha msomaji. Wanaongeza ushairi, wanaongeza mahojiano, na baada ya miezi mitatu safu imerudi palepale, kwa sababu mtu anayeandikiwa ni yuleyule mtahiniwa wa darasa la nane ambaye hayupo tena.

Usiwaulize wasomaji wangependa uandike nini. Watakujibu kwa adabu: mashairi, methali, msamiati. Waulize hivi: mara ya mwisho uliandika nini kikakukwamisha, na ulikwama wapi? Kusanya majibu 30 na uyanakili kwa maneno yao, bila kuyasafisha. Halafu nenda kwenye saiba mbili tatu za mtaani, yaani maduka ya intaneti na uchapaji, uwaulize wahudumu ni hati gani watu huleta kuchapiwa. Utasikia barua za kuomba kazi, maombi ya basari (msaada wa karo), tanzia, kumbukumbu za mikutano ya chama, malalamiko kwa wenye nyumba. Wanaohangaika na hati hizo walisoma safu yako wakiwa shuleni, na haikuwahi kuwafundisha hata moja kati yake.

Sasa jaza sentensi hii: “Safu hii humsaidia fulani kuandika kitu fulani kitakachosomwa na mtu fulani.” Ipitishe kwenye jedwali. Ikiwa haijaziondoa angalau thuluthi moja ya makala za zamani, bado ni pana mno. “Uandishi na maisha” haiondoi chochote. Ni jina la gunia.

Zoezi la kupima

Chukua andiko halisi la msomaji wa aina hiyo, uone kama una la kumwambia. Tuseme ni barua ya mpangaji wa mtaa wa Kayole kwa wakala wa nyumba:

“Kwa heshima na taadhima, ningependa kuchukua fursa hii adhimu kukufahamisha kuwa suala la maji limekuwa donda ndugu katika ploti yetu.”

Maneno 20, na wakala hajui ni nyumba zipi, tangu lini, wala anaombwa nini. Iandike upya:

“Maji hayajatoka kwenye mifereji ya nyumba namba 1 hadi 8 tangu Jumatatu. Tunanunua maji kwa mitungi ya lita 20. Tunaomba fundi afike kabla ya Ijumaa, au utuandikie lini atafika.”

Makala nzima imo humo: nambari za nyumba zinamzuia wakala kusema hakuelewa, siku inaonyesha uzito, na ombi la mwisho linampa njia mbili zinazohitaji jibu. Ila tazama tatizo la pili. “Fursa hii adhimu” na “donda ndugu” ni mafunzo yako mwenyewe ya zamani. Kwenye mtihani yalivuna alama za mtindo. Usimcheke mpangaji. Mweleze waziwazi kwamba pambo lile lilikuwa la msahihishaji wa mtihani, na wakala hatoi alama.

Andika makala nane za aina hii kabla ya kumtangazia yeyote. Tatu za kwanza hutoka zenyewe kwa kuwa zilikuwa zimekujaa kichwani siku nyingi. Ukame hujitokeza kuanzia ya tano. Ukilazimika kuijaza ya sita na mawaidha kuhusu nidhamu ya mwandishi, mwelekeo huo hauna chakula cha mwaka. Rudi kwenye yale majibu 30.

Tangazo liwe aya moja, na jina la safu liache kama lilivyo mpaka makala nane zitoke. Epuka Oktoba na Novemba, watahiniwa wasijione wametupwa mlangoni mwa chumba cha mtihani. Januari yafaa, hata Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, kuna masikio. Usipokezanishe makala mpya na za zamani wiki kwa wiki, maana msomaji hatajua ni wiki ipi yake. Watahiniwa wa 2027 watengee kona fupi ya maneno 150 chini ya kila makala.

Makala za zamani unazotaka kuzikusanya au kuzitoa upya, soma mkataba kwanza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoandika ukiwa mwajiriwa kwa kawaida ni ya mwajiri, mkataba usiposema vingine. Ukirekebisha makala, tia tarehe ya marekebisho.

Kipimo cha mafanikio kisiwe pongezi. Hesabu maandiko ambayo wasomaji wamekutumia uyahariri. Makala nane zikipita bila hata moja, kwanza kagua kama uliomba wazi na kutoa anwani. Mara nyingi kosa liko hapo. Yakija, pata idhini ya mwenyewe kwa maandishi, ufute jina, nambari ya simu na ya nyumba, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayalinda hayo. Kwenye tanzia ondoa pia jina la kijiji na la shule ya marehemu, kwa sababu jamaa hutambuana kwa hayo mawili tu.