Kutembea kilomita 30 Mombasa: mambo ya kuangalia kabla hujajitia

Watu wakisikia matembezi ya hisani ya kilomita 30 husema aah, kutembea tu, kwani nani hatembei. Mie pia nilisema hivohivo. Nikanunua raba mpya Alhamisi, Jumamosi nikaingia nazo barabarani, na wakati wa kurudi kabla hata ya kufika daraja la Nyali nilikuwa nakanyaga kama niko juu ya makaa, watoto wa Kongowea wananitazama wanacheka. Nikamalizia na tuktuk.

Kwanza kabisa hesabu saa, usihesabu kilomita. Mtu wa kawaida akiwa freshi anakwenda kama kilomita 5 kwa saa, ukitia kusimama, maji, choo na hizo selfi zenu, 30 ni saa sita mpaka saba. Yaani ukiondoka saa kumi na mbili alfajiri, mwisho unaufikia adhuhuri, na adhuhuri ya Mombasa waijua. Huku kinachomuangusha mtu si jua peke yake, ni unyevu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, sasa hewa yetu imejaa mvuke wa bahari, jasho linatiririka tu halikauki, na mwili unaendelea kuchemka ndani kwa ndani, ndo maana mtu wa bara aliyezoea kukimbia kwao kwenye baridi anakuja huku anashangaa pumzi zimeenda wapi. Februari na Machi usijaribu kama hujazoea, nyuzi 32, 33, na mapema Machi saa sita jua liko utosini kabisa. Ukiwa na hiari tafuta matembezi ya Julai au Agosti, kusi likivuma kunakuwa na kaubaridi. Na waandalizi wakikwambia mnaanza saa mbili asubuhi, mie kwa upande wangu naangalia tarehe nyingine.

Mazoezi jipe wiki nane hivi. Katikati ya wiki tembea kidogo kidogo, Jumapili ndo ile ndefu: 8, halafu 10, 12, unapanda taratibu mpaka 22 au 24, hapo patosha, si lazima ufike 30 kabla ya siku yenyewe, na wiki mbili za mwisho punguza mwili upumzike. Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, ni pazuri, kuna mibuyu na upepo, lakini pale chini ni laini mno, panakudanganya. Nenda na pembeni mwa barabara ya Malindi pia, kwenye kokoto na mchanga, maana huko ndo utakakopita. Na usitembee alfajiri tu kila siku, siku nyingine toka saa nne, mwili unahitaji kama wiki moja au mbili kulizoea joto.

Sasa miguu, na hapa nitakaa kidogo. Lengelenge linaletwa na vitu vitatu, msuguano, joto na majimaji, na Mombasa joto na majimaji ushapewa bure, kwa hivyo kilichobaki mikononi mwako ni msuguano. Raba iwe umeivaa wiki kadhaa, mtumba wa Kongowea ni sawa kabisa bora soli haijalika upande mmoja, na iwe kubwa kidogo kuliko saizi yako maana mguu unavimba njiani. Ukienda kununua nenda jioni mguu ukiwa ushavimba. Soksi za pamba tupu ziache nyumbani, zinanyonya jasho zinabaki nalo, chukua zile za michezo za kitambaa cha sintetiki na jozi ya pili mkobani. Kucha kata siku tatu nne kabla, moja kwa moja, usichimbe pembe. Mafuta ya mgando paka vidoleni, kisiginoni, mapajani na kwapani (wanene wenzangu mwanielewa).

Kitu ambacho sijaona mtu akikitaja: misikiti. Njia zetu zimejaa misikiti na wengi watasimama adhuhuri, wapate kivuli, watie udhu, waswali, wapumzike, jambo zuri sana. Lakini ukitoka pale na miguu mibichi ukaitia kwenye soksi, kilomita mbili tu ngozi imelainika na lengelenge hilo. Beba kitambaa kidogo, futa mpaka katikati ya vidole, kisha ndo uvae ile jozi kavu. Na popote ukihisi pahala panaanza kuwaka, simama hapohapo ubandike plasta, usiseme nitabandika mbele.

Maji beba yako hata kama umeambiwa yatagawiwa. Niliwahi kufika kituo cha maji nikakuta chupa tupu na kijana mmoja anatuomba radhi. Ila maji matupu mengi nayo ni hatari, ukinywa lita juu ya lita bila chumvi damu inapungukiwa sodiamu, kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anaanza kuchanganyikiwa, na wenzake wakidhani ana kiu wanamzidishia maji. Kunywa kufuata kiu. Dafu ni tamu na lina potasiamu ya kutosha, lakini chumvi yake ni chache, kwa hivyo halitoshi peke yake. Chukua pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) duka la dawa, au ule mchanganyiko wa nyumbani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Tende na njugu za chumvi zinakaa mfukoni vizuri. Mbaazi na mahamri kula jana yake, asubuhi mkate, ndizi na chai yatosha, na viazi karai vya pilipili njiani hapana jamani.

Mwenye presha, sukari au moyo amuone daktari mapema, si wiki ya mwisho. Na dawa za maumivu kama ibuprofen usizimeze ili uvumilie, mwili ukiwa umekauka zinaumiza figo.

Nguo nyepesi, rangi ya kung'aa, kofia pana. Kina dada, deraa linanasa miguuni upepo ukipiga, suruali pana na kanzu fupi inakwenda vizuri zaidi na hijabu nyepesi. Panapokuwa hakuna njia ya miguu tembea kulia uzione gari zinakuja, maana matatu na boda huku hazikungojei. Simu iwe na chaji, pesa kwenye M-Pesa na mia mbili tatu za keshi.

Halafu fikiria kurudi. Weka ndala mkobani, utazibusu. Na mkaazi wa Likoni, ukishamaliza bado una ule mteremko wa feri, kusukumana na kusimama mpaka ng'ambo, halafu mlima wa kupanda. Ongea na jamaa mwenye tuktuk akungoje upande wa pili.