Kuiamsha Volkswagen Beetle ya Mzee Iliyolala Miaka Mingi

Beetle ya familia iliyokaa uani miaka mingi mara nyingi bado ni nzima. Huuawa siku ile watoto waliokulia ndani yake wanapokusanyika, wakafunga betri mpya na kupiga selfu papo hapo. Kutu ya ndani ya silinda inakwangua ringi, na mpira wa mafuta (bomba laini la kupitishia petroli) uliochoka unamwaga petroli juu ya injini. Ufunguo ukae mfukoni kwanza.

Anza na kiti cha nyuma. King'oe, betri iko chini yake, upande wa kulia. Mtu mzito akikaa, springi za kiti hugusa vichwa vya betri, na cheche zake huwasha manyoya yaliyojazwa kwenye kiti. Kwa hiyo betri iwe na kifuniko, bila mjadala. Chunguza na bati linaloibeba, maana asidi hulitoboa. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, nyingi za baadaye ni 12. Thibitisha kabla hujanunua betri. Kile kishimo cha nyuma ya kiti, walimolala watoto safarini, kisafishe kwa mkono. Zulia lake hata likiwa limechakaa, lihifadhi. Zulia jipya linauzwa. Lile halipatikani tena.

Mwaga petroli yote ya zamani. Ikinuka kama vanishi, shusha tangi lioshwe. Badilisha mipira yote: ya chini ya tangi, ya karibu na giaboksi, ya kuingia kwenye pampu na ya kwenda kwenye kabureta. Mpira uliosukwa nyuzi kwa nje huficha nyufa zake, basi usiuamini kwa macho. Beetle nyingi zimeteketea kwa kosa hili moja.

Sasa injini. Toa plagi nne, tia kijiko cha chai cha oili katika kila silinda, uache hadi kesho. Kisha shika bolti ya puli ya kreniki kwa spana ya milimita 30, uzungushe polepole kufuata mwendo wa saa. Ikigoma, usiongeze bomba kwenye spana. Ongeza oili, subiri tena.

Mwaga oili, fungua kisahani cha chini chenye nati 6, osha chujio la wavu, weka gasketi mpya na pete mpya za shaba (washa). Kaza kwa mkono mwepesi, maana stadi zake (bolti zinazoshika nati) hukatika upesi. Oili mpya ni lita 2.5. Kwa injini za cc 1300 hadi 1600, nafasi ya valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi ya pointi za distribyuta ni milimita 0.4, ya plagi 0.7. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-4-3-2. Piga selfu plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izimike, ndipo uzirudishe.

Kabla ya kuwasha, chungulia ndani ya bati la feni: panya hupenda kujenga humo, na injini hii haina maji, hewa ndiyo pozo lake pekee. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15. Taa ya chaji ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo. Huenda mkanda umekatika, na feni nayo imesimama.

Kuwaka si ruhusa ya kuingia barabarani. Mipira ya breki huvimba kwa ndani, mafuta ya breki yakaenda yasirudi, gurudumu likabaki limeshikwa. Badilisha yote, tia mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4, na utoe hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu.