Gari la umeme la bei nafuu ughaibuni: lipime kwa siku yako mbaya

Tangazo la gari la umeme huanza na namba moja: kilomita linazokwenda kwa chaji moja. Kwa sisi tunaoishi ughaibuni, wengi tukinunua gari lililokwishatumika kwa mkopo au kwa akiba ya miaka, namba hiyo ndiyo inayotuponza. Si kwamba imetungwa. Imepimwa maabara, gari likiwa jipya, kwenye joto la nyuzi 23 hivi, hita na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Wewe utaliendesha likiwa na miaka sita, kwenye baridi, umechelewa kazini.

Ulaya na Uingereza hutumia kipimo kiitwacho WLTP, kilichoanza kuchukua nafasi ya kile cha zamani cha NEDC mwaka 2017. Marekani ina kipimo chake cha EPA, nacho ni kikali zaidi. Tazama Nissan Leaf yenye betri ya kWh 40 (kilowati-saa, yaani uniti za umeme), gari ambalo wengi wenye bajeti ndogo hukutana nalo mapema. Kwa NEDC iliandikiwa kilomita 378. Kwa WLTP ni 270. Kwa EPA ni maili 151, yaani kilomita 243. Gari ni lile lile, betri ni ile ile. Kwa hiyo ukisoma tangazo, uliza kwanza namba imetoka kwenye kipimo kipi, na ukikuta imeandikwa CLTC, kipimo cha China, ichukulie kuwa ni namba ya matumaini.

Ninachokuomba ufanye kabla ya kulipa ni kukaa mezani na kalamu. Unahitaji vitu viwili tu: umeme unaotumika kweli ndani ya betri, kwa kWh, na ulaji wa gari kwa kila kilomita 100. Gawanya, zidisha kwa 100, umepata umbali wako.

Tuendelee na Leaf hiyo. Kati ya kWh 40 zilizoandikwa, chukulia 38 ndizo unazoweza kuzitumia likiwa jipya. Miaka imepita, betri imebaki na asilimia 88 ya uwezo wake. Hapo una kWh 33 na ushee. Mjini, hali ya hewa nzuri, gari la ukubwa huu hula kWh 14 hivi kwa kilomita 100, na hiyo inakupa karibu kilomita 240. Sasa lipeleke barabara kuu majira ya baridi, hita ikiwaka, na ulaji unapanda hadi 22. Kilomita 240 zimekuwa 150. Tena hakuna anayeendesha kutoka 100 hadi sifuri: kwenye safari ndefu utachaji hadi asilimia 80 na kutafuta chaja ikibaki 10. Asilimia 70 ya betri hiyo, kwa ulaji huo, ni kilomita 106 kati ya kituo na kituo. Tangazo lilisema 270.

Namba hiyo ya 106 ndiyo ya kununulia gari. Kama kazini ni kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, gari hili litakutumikia vizuri hata Januari, na hakuna sababu ya kukopa zaidi kutafuta betri kubwa. Kama kila wikendi unakwenda kilomita 250 kumwona ndugu au kufika kwenye mkutano wa jumuiya, utasimama mara mbili njiani wakati wa baridi, na ni heri ujue hilo leo.

Vipimo navyo huchanganya, hasa ukihama nchi. Bara la Ulaya watakwambia kWh kwa kilomita 100, ambapo namba ndogo ndiyo nzuri. Uingereza husema maili kwa kWh, ambapo namba kubwa ndiyo nzuri. Maili 4 kwa kWh ni sawa na kWh 15.5 kwa kilomita 100. Maili 3 ni kama 20.7. Shika hizo mbili kichwani na hutababaishwa.

Baridi na mwendo

Gari la petroli hupasha moto kwa joto la injini ambalo lingepotea tu. La umeme halina ziada hiyo, kila joto hutoka kwenye betri, na betri yenyewe ikiwa baridi hutoa na kupokea umeme kwa shida. Chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano mwaka 2019. Kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 41. Hita ikizimwa, upungufu ulikuwa asilimia 12. Kwenye nyuzi 35 za joto, kiyoyozi kikiwaka, ulikuwa asilimia 17, jambo la kuangaliwa na ndugu walioko Ghuba. Tofauti kati ya 41 na 12 inakuonyesha mla umeme ni nani: hita.

Ndiyo maana gari lenye pampu ya joto lina faida kwa anayeishi nchi ya baridi. Pampu hiyo huvuta joto kutoka hewa ya nje badala ya kulizalisha kwa waya kama pasi. Kwenye magari ya bei nafuu mara nyingi huwa ni nyongeza ya kulipiwa, na magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana. Uliza kabla, usidhani. Likiwa halina, tumia joto la kiti na la usukani, ambalo hula umeme kidogo sana kulinganisha na kupasha hewa ya gari zima. Na kama gari limechomekwa, liwashe hita dakika ishirini kabla ya kuondoka, joto litoke kwenye umeme wa ukutani. Wenye zamu za usiku waliangalie hili kwa makini: gari lililolala kwa muda wa saa kumi kwenye maegesho ya wazi, bila plagi, linaanza safari ya kurudi likiwa barafu tupu, na safari fupi ya kilomita sita inaweza kula zaidi kwa kila kilomita kuliko safari ya arobaini.

Mwendo ni habari ya pili. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 100 kwenda 130 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu iliyoongezeka karibu asilimia 70. Gari la petroli nalo huumia, ila tenki lake kubwa huficha. Ukiona chaji haitakufikisha, punguza hadi 95 nyuma ya magari mengine, kwa umbali salama. Hakuna hila nyingine inayorudisha kilomita nyingi hivyo.

Namba ya kilomita inayosomeka kwenye dashibodi usiiamini sana. Ni makisio yanayotokana na ulivyoendesha karibuni. Ukitoka mjini taratibu kisha ukaingia barabara kuu, itashuka mbele ya macho yako. Tazama asilimia, kisha tumia hesabu yako.

Utachaji wapi usiku?

Hili ndilo lingekuwa swali langu la kwanza kwa yeyote anayeniuliza kama anunue. Anayechaji nyumbani na asiye na pa kuchaji wanamiliki magari mawili tofauti, hata kama yametoka kiwanda kimoja siku moja.

Watu hudharau soketi ya kawaida ya ukutani. Kwa umeme wa volti 230 na ampea 10 unapata kilowati 2.3. Sehemu hupotea njiani, tuseme kWh 2 ndizo zinazoingia kila saa. Saa kumi za usingizi ni kWh 20, ambazo kwa ulaji wa 16 ni kilomita 125. Anayekwenda kilomita 60 kwa siku hahitaji zaidi ya hapo. Kwa volti 120 za Marekani na Kanada, ampea 12, ni kilowati 1.4 tu, na usiku mzima utakurudishia kilomita 75 hivi. Inatosha kwa wengine, wengine hapana. Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 hujaza betri ya kWh 40 kwa saa sita hivi.

Ila naomba unisikilize kwenye usalama. Soketi ya nyumba ya kupanga, ya zamani, haikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa kumi mfululizo. Mwite fundi umeme mwenye leseni aikague. Usitumie waya wa kuunganishia, wala kebo iliyopitishwa dirishani kutoka ghorofa ya pili. Baada ya nusu saa ya kwanza iguse plagi kwa mkono: ikiwa ya moto, chomoa.

Mpangaji, usikate tamaa haraka. Ujerumani, tangu Desemba 2020, sheria inampa mpangaji haki ya kumtaka mwenye nyumba aruhusu kuwekwa kwa chaja, gharama zikiwa za mpangaji. California nayo ina sheria ya namna hiyo. Andika barua, weka nakala. Na ukiwa Uingereza kumbuka kwamba umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5 na wa chaja za umma asilimia 20, juu ya bei ambayo tayari imepanda. Anayetegemea chaja za haraka za umma peke yake apige hesabu ya mwezi mzima kwanza. Mara nyingine faida ya gharama dhidi ya petroli huisha hapo.

Chaja za haraka

Kituo kimeandikwa kilowati 150, nawe unaona kilowati 45 kwenye skrini. Si kwamba chaja imeharibika. Gari ndilo linaloamua kupokea, na mengi ya bei nafuu hayapiti kilowati 50 hivi. Chevrolet Bolt ya matoleo ya 2020 hadi 2023, yenye umbali wa maili 259 kwa EPA, umbali mzuri sana kwa bei yake, hufikia kama kilowati 55 tu. Kwa mtu wa mjini haidhuru. Kwa safari ndefu maana yake ni saa nzima kila ukisimama, na kwa gari kama hilo hakuna sababu ya kulipia kituo cha nguvu kubwa kama cha nguvu ndogo kiko jirani na ni nafuu.

Kasi haibaki ile ile. Betri ikipita asilimia 80 gari hupunguza, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zote zilizotangulia. Ondoka kwenye 80, mwachie mwenzio. Betri baridi nayo hupokea polepole, kwa hiyo chaji mwisho wa safari ikiwa bado ina joto, si asubuhi. Leaf za zamani, kama hiyo ya kWh 40, zina shida ya upande wa pili: betri zao hazipozwi kwa maji, hivyo kwenye safari ndefu kituo cha pili na cha tatu huwa cha polepole kwa sababu ya joto.

Plagi ziangalie kabla ya kuipenda rangi. Ulaya na Uingereza ni Type 2 kwa nyumbani na CCS kwa haraka. Marekani inahama kutoka CCS yake, isiyoingiliana na ya Ulaya, kwenda NACS iliyoanzia kwa Tesla. Leaf hizo za zamani hutumia CHAdeMO, plagi ya haraka ya Kijapani, na vituo vipya vingi haviiweki tena.

Safari yangu ya kwanza ya baridi nilifika kituoni na asilimia 7. Mashine moja ilikuwa imekufa, nyingine ina foleni ya magari mawili, mvua ya barafu inanyesha na mtoto amelala nyuma. Tangu siku hiyo sifiki kituoni bila chaji ya kunifikisha kituo kinachofuata, na huangalia kwenye programu ya simu kama mashine inafanya kazi kabla sijatoka. Umoja wa Ulaya tangu Aprili 2024 unazitaka chaja mpya za kilowati 50 na zaidi zipokee kadi ya benki ya kugusa, lakini baadhi ya za zamani zinaweza bado kudai programu. Jisajili ukiwa nyumbani.

Siku ya kulikagua

Fungua kifuniko cha kuchajia. Kwa gari la Ulaya, chini ya tundu la duara kunapaswa kuwa na matundu mawili manene. Yasipokuwepo, gari hilo haliwezi kutumia chaja za haraka za CCS. Renault Zoe ya kWh 52 ilitoka kiwandani ikiwa nayo au bila nayo. Zoe za zamani zina jambo jingine: nyingi ziliuzwa bila betri, betri ikakodishwa kwa malipo ya kila mwezi. Dai karatasi zinazoonyesha betri ni ya nani.

Afya ya betri ipimwe, isisimuliwe. Kwenye Leaf kuna vijistari 12 pembeni ya dashibodi. Kimoja kikipotea, kama asilimia 15 ya uwezo imeondoka. Magari mengine yanahitaji kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la ukaguzi, au cheti cha fundi. Uliza pia aina ya betri: LFP (ya lithiamu, chuma na fosfeti), kama ya gari la MG4 ndogo ya kWh 51, hupenda kujazwa hadi 100 mara kwa mara, wakati za nikeli hudumu zaidi zikiachwa kwenye 80 kwa matumizi ya kila siku. Watengenezaji wengi huidhamini betri miaka 8 au kilomita 160,000, uwezo usishuke chini ya asilimia 70, na miaka huhesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Tafuta tarehe hiyo kwenye kadi ya gari, kisha uone imebaki miezi mingapi.