Mtoto analialia na udenda unamwagika: utajuaje kama ni meno kweli

Hii ni kwa mwenye mtoto wa miezi mitatu mpaka mitano hivi, ambaye saivi hashikiki, anatafuna ngumi, udenda unaloanisha nguo mpaka kifuani, na kila anayeingia nyumbani anakwambia huyo anaota meno huyo. Inawezekana. Wapo wanaotoa jino la kwanza miezi minne na wachache hata mitatu, ila wengi ni kwenye miezi sita, na kuna wanaofika mwaka bado vibogoyo na wazima kabisa. Kwaiyo kabla hujayasingizia meno, angalia kwanza.

Udenda peke yake sio ushahidi. Kuanzia miezi miwili mitatu mate yanaongezeka na mtoto bado hajaweza kuyameza yote, alafu ndo umri huohuo anagundua ana mikono na kila kitu kinaenda mdomoni. Anaweza kukaa hivo miezi kadhaa na jino halijatoka.

Cha kuangalia ni ufizi. Nawa mikono kwa sabuni, kucha ziwe fupi, msubiri awe ameshanyonya na katulia, mlaze mapajani kichwa kikiwa upande wa tumbo lako na mwenzio amulike tochi ya simu kwa pembeni, isimpige machoni. Vuta mdomo wa chini taratibu, angalia pale mbele katikati, maana meno mawili ya chini ndo huwa yanatangulia. Ufizi unaokaribia kutoa jino unavimba, unakuwa mwekundu au unaona kama kijistari cheupe kwa ndani, na ukipitisha ncha ya kidole juu yake unasikia kitu kigumu chenye makali. Jino likishachungulia, ukiligusa kwa kijiko kisafi linalia tik. Kama ufizi wote ni laini na hauna uvimbe, sababu ya kilio itafute kwingine.

Ukiwa humohumo mdomoni angalia na ulimi na mashavu kwa ndani. Utando mweupe kama maziwa ambao ukifuta hautoki mara nyingi ni fangasi, na mtoto mwenye fangasi anashika ziwa, anaachia, analia, watu wanasema meno. Hiyo ina dawa, mpeleke kliniki. Ila vile vijipunje vyeupe kwenye ufizi wa kichanga cha wiki za mwanzo vinaondoka vyenyewe, usivikwangue.

Chukua pia kadi ya kliniki uangalie tarehe. Kuna chanjo za wiki 6, 10 na 14, na wiki ya 14 ni miezi mitatu na kitu, yaani kipindi kilekile watu wanaanza kusema meno, na homa ndogo na kulialia siku moja mbili baada ya sindano ni kawaida. Alafu hesabu siku. Jino moja linasumbua kama siku nne kabla ya kutoka na tatu baada yake, sasa mtoto analia wiki tatu mfululizo hilo jino gani?

Jambo ninaloomba tulishike sana ni hili: meno hayaleti homa kali, hayaharishi, hayatapishi. Joto linaweza kupanda kidogo tu. Likifika 38 kuna ugonjwa, inaweza kuwa malaria, sikio, mkojo, kifua, na mtoto ambaye hajatimiza miezi mitatu akifika hapo anapelekwa hospitali sikuhiyohiyo. Vilevile akikataa kunyonya, akipumua haraka au mbavu zikabonyea, utosi ukiingia ndani, akilegea au akipata degedege, usisubiri asubuhi.

Na kwetu Tanzania kuna hili la meno ya nailoni. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anafungua mdomo anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi pembeni, anasema ndo nailoni hayo yang'olewe. Jamani ule uvimbe ni chonge za kawaida zinajitengeneza ndani, zitatoka zenyewe baada ya mwaka na nusu hivi. Wanazichokonoa kwa spoki ya baiskeli au msumari, mtoto anavuja damu, anapata usaha, pepopunda, hata virusi vya ukimwi, na meno ya ukubwani yanaweza kuharibika, huku malaria au kuharisha kwenyewe hakujatibiwa. Bibi akisisitiza, mjibu kwa heshima kabisa, Bibi ngoja kwanza akapimwe, na uondoke naye muda huohuo.

Ikiwa ni meno kweli, kazi ni ndogo. Msugue ufizi kwa kidole kisafi, au mpe atafune kitambaa kisafi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kama una kile cha kung'ata cha mpira kiweke kwenye friji ila sio kwenye friza. Futa udenda mara kwa mara na mpake vaselini kidevuni asitoke vipele, na nyonyesha kila akitaka. Jeli za ganzi za kupaka ufizi achana nazo, asali pia hapana mpaka atimize mwaka, na dawa za maji za meno zisizojulikana zimetokea wapi ndo kabisa, Nigeria mwishoni mwa 2008 mpaka mwanzoni mwa 2009 dawa ya namna hiyo iliyochanganyika na kemikali ya sumu iliua watoto zaidi ya 80. Parasetamoli inapimwa kwa uzito wa mtoto, waulize kliniki kwanza.

Jino likishachomoza anza kulipiga mswaki laini asubuhi na usiku, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele inatosha.