Finchi wako hali kitu zaidi ya mbegu? Mzoeshe taratibu, usimshindishe njaa

Kama unafuga finchi, vile vindege vidogo vya tunduni vinavyokula mbegu, hii imeshakukuta: umekwaruza karoti vizuri, umeweka kwenye kibakuli, unarudi jioni iko vilevile imesinyaa na ndege wako wamejazana kwenye mbegu wanamwaga makapi tu. Unasema hawa wanaringa. Hawaringi bwana, hawajui kama hicho ni chakula! Finchi anajifunza kula kwa kuangalia wenzie tangu akiwa kinda, sasa kama kwao ilikuwa mbegu kavu asubuhi mbegu kavu jioni, basi ukimuwekea kitu cha rangi ya chungwa ndani ya tundu anakiona kama mgeni asiyemjua. Na mbegu kavu peke yake haimtoshi, vitamini A na kalsiamu ni kidogo sana humo, ndo unakuta jike anataka kutaga yai linamkwama.

Kabla ya yote, usimuondolee mbegu eti njaa imfundishe. Zebra finchi mzima ana gramu 12 mpaka 15 hivi, kamwili hako kanachoma chakula haraka mno, siku nzima bila kula inaweza kumuua. Alafu bakuli linadanganya, wanamenya mbegu na kuacha maganda juu kwa hiyo ukitupia jicho unaona limejaa kumbe ni makapi matupu (mimi limeshanidanganya, nilishtuka nilipopuliza nikaona chini hakuna kitu). Puliza kila siku.

Sasa pa kuanzia, anza na kitu kinachofanana na anachokijua. Rahisi kuliko vyote ni majani ya porini yenye mashuke mabichi, yale ambayo mbegu zake bado laini, finchi wa mwituni wanakula hizo sana. Hakikisha tu pale ulipochuma hapajapigwa dawa na hapapiti mbwa, osha, funga shada karibu na kijiti wanachopenda kukaa.

Baada ya hapo njoo kwenye mbegu zilizochipua, na hapa ndo siri yangu yote ilipo. Chukua mbegu zilezile unazowapa, loweka usiku kucha kwa muda wa masaa 8 mpaka 12, suuza sana, ziache kwenye chujio ufunike na kitambaa kibichi, uwe unasuuza mara 2 au 3 kwa siku. Ndani ya siku moja au mbili utaona kincha cheupe kinatokeza, hapo ziko tayari. Nusa kwanza! Zikinuka uchachu au zikiteleza mkononi tupa zote, usione huruma. Na kama hazichipui kabisa basi jua umeuziwa mbegu za zamani. Wakishazila vizuri, unaanza kuchanganya humo karoti iliyokwaruzwa laini kabisa au vile vichwa vya brokoli vilivyokatwa vidogo kama punje. Kwa sababu mbegu zina maji, zile chembe zinagandia kwenye mbegu na kwenye mdomo, anaonja bila kupanga. Siku ya kwanza weka kidogo tu, alafu uwe unaongeza kila baada ya siku kadhaa, usiwe na pupa.

Saa nzuri ni asubuhi mapema wakiamka na njaa, weka kipya kwanza, mbegu kavu zifuate baada ya nusu saa hivi. Chochote kibichi kitoe baada ya masaa machache, na kukiwa na joto wahi zaidi, yai ndo usiliache kabisa maana linaharibika haraka. Ndio, yai la kuchemsha! Liponde na ganda lake lililosagwa, wengi wanalipenda hasa wakiwa na makinda, na makinda waliolelewa hivyo hawatakusumbua baadae.

Majani ya letusi yaloweshe maji uyabane kwenye waya za tundu, wengine wanaanza kwa kujiogea kwenye umande huo alafu wanajikuta wanadonoa. Spinachi isiwe kila siku, ina asidi inayozuia kalsiamu isifanye kazi. Gamba la ngisi, lile jeupe wanalodonoa kupata kalsiamu, liwepo muda wote. Parachichi, chokoleti, kitunguu, kahawa na vitu vya chumvi visisogee hata karibu.

Ukiwa nao kadhaa, tafuta yule mtundu asiyeogopa umtegemee yeye, akidonoa mmoja wenzie watakuja kuchungulia. Ukiwa na mmoja tu kazi ni ndefu kidogo.

Peleti (chakula cha ndege cha kiwandani kilichobanwa kuwa punje) nazo zipo ila finchi wengi wanazikataa, ukizitaka zisage uchanganye na yai.

Mizani ya gramu ya jikoni nunua, pima mara moja kwa wiki. Uzito ukishuka au vinyesi vikawa vidogo vyeusi vya kunata, rudi kwenye mbegu za kawaida siku hiyohiyo, akizubaa na kujivimbisha manyoya mpeleke kwa daktari wa mifugo. Vinyesi kuwa na maji kidogo siku aliyokula majani usishtuke. Na ndege anayenyonyoka manyoya au mgonjwa muache kwanza apone.

Itachukua wiki, wengine miezi. Wangu mmoja alikuwa anaikimbia karoti miezi miwili mizima, alafu asubuhi moja nikamkuta mdomo wote umekuwa wa chungwa.