WRX ya zamani au ya karibuni? Namna ya kuzipima kabla hujatoa hela

Haipiti wiki mbili bila mtu kunitumia picha mbili za Subaru WRX, "kaka hii GC8 ya 98 na hii hapa ya 2016, nichukue ipi", na huwa siwezi kumjibu kwa neno moja maana hizo gari zimebaki na jina na mpangilio wa injini tu, vingine karibu vyote vimebadilika. Nimemiliki mbili na nimeendesha za ndugu na marafiki kibao, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja na ntasema wazi mimi naegemea wapi.

Kwanza ujue familia yenyewe. Kizazi cha kwanza kilitoka Japani mwishoni mwa 1992, sedani ni GC8 na steshen wagon ni GF8, injini EJ20 ya lita 2 yenye tabo. Ilianza na nguvu za farasi 240, kufika 1996 STI, yaani lile toleo kali zaidi la WRX, ikagonga 280, ndo kikomo ambacho kampuni za Japani zilikubaliana zisikivuke. Uzito kama kilo 1,250, shika hiyo namba. Mwaka 2000 ikaja GD, ile ya taa za mviringo ambayo wengi waliikataa kwa sura, wakaibadilisha taa mara mbili kabla haijaisha 2007. STI ya humo ni GDB na ndo ilileta gia 6. Baadae ikaja ya mgongo uliokatwa (hatchback), STI yake GRB, farasi 308. Mwaka 2014 neno Impreza likatolewa ikabaki WRX tu: kuna VAB ambayo ni STI, ikaendelea na EJ20 ileile mpaka mwisho wa 2019 wakafunga na gari 555 za Final Edition, na kuna VAG inayoitwa S4 yenye injini tofauti, FA20. Kuanzia 2021 kuna VB ya lita 2.4, hiyo haina STI, Subaru walishatangaza 2022 kwamba haitakuwepo.

Huku kwetu hii gari iliingia kwenye damu za watu kupitia Safari Rally. 1997 Colin McRae alishinda na Impreza, 2000 Richard Burns akashinda nayo tena. Mjomba wangu alikuwa na ukurasa wa gazeti umebandikwa gereji, gari ya bluu imetapakaa tope mpaka kioo, na mimi nlikua nikiiangalia hiyo picha kila nikitumwa spana. Nalisema hili kwa sababu watu wengi wanaotafuta GC8 wanatafuta hiyo picha. Si vibaya hata kidogo, ila ukijijua mapema kwamba unanunua kwa moyo utaweka bajeti ya moyo, maana gari ya miaka 25 na zaidi itadai.

Sasa kuzipima. Njia nzuri kuliko zote ni kuziendesha zote mbili siku moja, barabara moja, na upepo wa tairi uwe sawa na ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Mimi nlifanya hivyo na GC8 ya kwangu na VAB ya shemeji, tukapanda Mombo kwenda Lushoto, zile kona unazijua, upande mmoja mlima na upande wa pili bonde. GC8 chini ya mzunguko wa 3,000 imelala kabisa, unakanyaga unasubiri, alafu tabo inaamka inakusukuma mgongo kwenye siti. Usukani unakuambia kila kitu, kokoto ikipita chini ya tairi ya kushoto unaisikia kwenye kidole. Mlango wake mwepesi, ukifunga unalia kama debe. VAB inavuta mapema, breki unaziamini, kona ambayo kwenye GC8 nlikua nakaza mikono hii inapita imetulia, nikaangalia mshale wa spidi nikakuta niko juu sana bila kujua. Hapo ndo ile namba ya kilo inarudi, VAB inakaribia kilo 1,500. Uzito wa watu watatu wazima umeongezeka na sehemu kubwa ya huo uzito ni bodi ngumu, airbag na vitu vya kukuokoa ukikosea. Nikiwa na wanangu nyuma nataka nipande ya shemeji, nikiwa peke yangu jumapili alfajiri nataka ya kwangu.

Alafu mlio. Watu wengi wananunua Subaru kwa ule mngurumo wa budu-budu-budu na hawajui unatoka wapi. Unatoka kwenye manifoldi ya egzosi ambayo mabomba yake hayalingani urefu, moshi unafika kwenye tabo kwa kupishana. GC8 unao. Lakini STI za Japani kuanzia ile GDB iliyobadilishwa taa mara ya kwanza wakaweka tabo ya njia mbili na mabomba yanayolingana, kwa hiyo mlio umekuwa laini, na FA20 nayo hivyohivyo. Kijana mmoja namfahamu alingoja gari miezi mitatu baharini, ilipofika akaiwasha akadhani injini imebadilishwa. Injini ilikua nzima kabisa, ndo ilivyo kutoka kiwandani.

Ukienda kuangalia gari, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Hili usilegeze. Weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto kuna kitu kinafichwa, sema utarudi kesho asubuhi. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili uangalie kiasi na rangi, fungua mfuniko wa oili uangalie kwa chini kama kuna uji wa rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni maji yamechanganyika na oili. Fungua rejeta ikiwa baridi tu. Kisha washa. EJ ikiwa baridi inaweza kugonga kidogo, kok kok kok nyepesi, injini ikipata moto inapotea, ni pistoni, nyingi zinafanya. Ila ukisikia mlio mzito wa kugonga huko chini unaoongezeka ukikanyaga mafuta, na gari ikiwa ya moto unazidi, hiyo ni beringi za konrodi, ondoka. Ukiona povu linatoka kwenye tanki la maji bila kukoma, shuku gasketi ya hedi. Moshi wa bluu ukiachia mafuta kwenye mteremko, oili inaliwa sehemu, tabo au ringi.

Usikubali kununua yoyote yenye EJ bila kupima kompresheni silinda zote nne. Angalia hasa namba 4, ile ya nyuma upande wa kushoto wa gari, ndo inapata joto kali na ndo huwa ya kwanza kufa. Fundi atalalamika maana injini imelala na plagi zimebanana na chesi, mlipe muda wake. Ukishindwa kulipia hicho kipimo, hiyo gari huiwezi, samahani lakini ndo ukweli.

Kingine ambacho karibu hakuna anayekipima: difu ya kati. Nenda sehemu tambarare, kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole sana kwenye duara, kushoto na kulia. Ikiwa gari inagoma, inarukaruka kama umevuta hendibreki, difu ya kati imebana au imechoka (kwenye STI zenye DCCD, yaani difu ya kati unayoirekebisha kwa swichi, hakikisha kwanza swichi haijawekwa kwenye loki). Mara nyingi chanzo ni tairi. Mtu kaweka mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, mzingo haulingani, difu inafanya kazi muda wote mpaka inaungua. Tairi nne za aina moja, zilizoisha sawa, kwenye gari hizi hiyo ni lazima iwe ya 1993 au ya 2019.

GC8 ongeza kutu. Lala chini, piga tochi kwenye madigadi ya nyuma na juu pale shokapu za nyuma zinaposhikilia, fungua buti uinue zulia. Gari iliyokaa Tanga, Dar au Mombasa miaka mingi chumvi imeishaila kwa ndani na rangi ya juu inang'aa vizuri tu. Gia boksi ya gia 5 ya zamani nayo si ya kuchezewa, jaribu ya pili na ya tatu kwa haraka, ikikwaruza jua sinkro zimekwisha.

Kwenye za karibuni hofu ni nyingine. VAG za Japani zote ni otomatiki ya CVT (cheni na puli badala ya gia za kawaida), hakuna manyuo, kwa hiyo kama unataka kukanyaga klachi basi kwa kizazi hicho kutoka Japani ni VAB tu. FA20 inatumia cheni ya taimingi badala ya belti, hapo umepona, ila inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda hivyo valvu za kuingiza hewa zinajaa masizi na ipo siku utalipia kuzisafisha. Na STI za Japani zote, za zamani na mpya, kompyuta yake imepangwa kwa petroli ya kwao ya okteni 100. Yetu haifiki hapo. Usiongeze presha ya tabo, usikubali mtu "akufungulie" nguvu kwa laptop kabla ya kuipanga kwa mafuta unayoweka kweli, injini nyingi zimekufa hivyo na lawama akapewa Subaru.

Sasa niseme lililonikuta. Gari yangu ya pili nlinunua yadi moja kama STI, nembo za pinki zote zipo, breki za Brembo zipo, tundu la hewa kwenye boneti lipo. Nlikua nimeshatoa hela ndo nikagundua shifti ya gia haina ile pete ya kunyanyua ukitaka kuingiza rivasi. STI ya gia 6 inayo. Kufungua boneti kusoma kibati, chesi inaanza GDA, ni WRX ya kawaida imevalishwa. Haikua gari mbaya, ila nlilipa bei ya STI. Kwa hiyo soma kibati mwenyewe: GDA ni WRX, GDB ni STI, GD2 au GG2 ni Impreza ya kawaida ya lita 1.5 hata wakiivisha nini. Kwa GC8 kuwa mwangalifu zaidi, WRX na STI zote zinaanza GC8, inabidi usome kodi nzima ya modeli na uilinganishe. Ukiagiza Japani dai shiti ya mnada, ikiwa na alama R au RA iligongwa ikatengenezwa, uliza wapi.

Sheria nazo zinakuchagulia. Kenya hawaingizi gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo GC8, GD na GRB utakayopata ni ile iliyoko nchini tayari, na VAB za mwisho zimetengenezwa mwishoni mwa 2019, piga hesabu. Tanzania ya zamani unaweza kuleta ila kuna ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, ingiza kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujalipa chochote. Na GC8 za Japani hazishuki bei tena, Wamarekani wanaruhusiwa kuzichukua zikifika miaka 25 na wanazisomba.

Msimamo wangu: kama ndo gari yako pekee, ya kazini na shule ya watoto, chukua VAB au GRB. Kama unayo nyingine na una fundi mvumilivu, GC8 isiyoguswa-guswa, hata kama ni WRX tu, ni bora kuliko STI iliyofunguliwa mara tatu. Na mtu akinibana nichague moja tu mimi nasema GDB ya 2005 mpaka 2007, bado ina hisia za zamani, ina gia 6 na breki za kweli, na spea zake mafundi wanazijua. Rimu tu angalia, kuanzia hapo 2005 STI ilihama kutoka 5x100 kwenda 5x114.3 (nati tano, upana wa duara la nati kwa milimita), za rafiki yako wa GC8 hazitaingia.

Ukishalipa usiende nayo safari. Siku hiyohiyo, kama ni EJ, badilisha taimingi belti na puli zake na pampu ya maji, hata kama muuzaji kaapa imebadilishwa, maana kibandiko cha kilomita 100,000 mtu yeyote anaweza kukibandika. Mwaga oili, weka mpya, andika kilomita kwenye karatasi ubandike chini ya boneti. Alafu kila ukijaza tanki vuta kijiti cha oili uangalie, mwezi wa kwanza wote.