Darubini ya Kutia Mfukoni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Pesa

Kabla hujauliza bei, soma namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini: 8x20, 8x25, 10x25. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kiboko aliye mita 80 kutoka ulipo, ukimtazama kwa 8x25 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Muuzaji atakusifia namba ya kwanza. Wewe chukua ya pili uigawe kwa ya kwanza: 25 kwa 8 ni 3.1. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha duara la nuru linalotoka upande wa jicho na kuingia kwenye mboni yako. Duara hilo ndilo litakaloamua kama darubini utaipenda au itakaa kabatini.

Mchana wa jua mboni hujibana ikabaki milimita 2 au 3. Kwa hiyo ukiwa Serengeti saa nne asubuhi, 8x25 nzuri inalitosheleza jicho, na tofauti yake na ile kubwa ya 8x42 utaitafuta kwa shida. Ingia msitu wa Amani saa kumi na mbili alfajiri, mambo yanageuka. Mboni imefunguka hadi milimita 5 au zaidi, duara ni lile lile la 3.1, na picha inaingia giza. Lenzi ya milimita 42 hukusanya nuru karibu mara 2.8 ya lenzi ya milimita 25, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachoweza kuliziba pengo hilo. Kama kazi yako ni kutafuta ndege wa msituni alfajiri au bundi wakati wa magharibi, nunua kwanza darubini ya kawaida, ya mfukoni iwe ya pili. Hali kadhalika ndege wa pwani wanaotafuta chakula kwenye tope la hori ya Mida, pwani ya Kenya, maji yakiwa yametoka: wako mbali mno, na hapo huhitajika darubini ndefu ya kusimamishwa kwa miguu mitatu.

Kati ya 8 na 10, chukua 8. Ushauri huu hupingwa dukani kila siku, na bado ni sahihi. Inayokuza mara 10 hukuza pia mtetemo wa mkono mara 10, na darubini yenye gramu 300 haina uzito wa kuutuliza mtetemo huo. Duara lake la nuru ni milimita 2.5 tu, kwa hiyo jicho likisogea kidogo upande, picha inakatika weusi. Na eneo linaloonekana hupungua: 8x25 nzuri huonyesha upana wa mita 110 hadi 130 kwa umbali wa mita 1000, ilhali 10x25 nyingi ziko chini ya mita 100. Ndege mdogo aitwaye chozi akirukaruka ndani ya mti, wenye eneo pana humpata, wenye eneo finyu hubaki wakitafuta tawi.

Zipo za kuziacha mezani bila hata kuzijaribu. Mojawapo ni ile inayobadilisha ukuzaji, kwa mfano 10 hadi 30x25: ukifika 30, duara la nuru ni milimita 0.8, picha hafifu na finyu. Nyingine ni ile isiyo na gurudumu la kulenga, inayosemwa kwamba inalenga yenyewe. Kwa kweli imefungwa kwenye umbali mmoja na kazi yote limeachiwa jicho. Nyingine ni yenye lenzi zinazong'aa wekundu kama kito. Wekundu huo ni nuru nyekundu inayotupwa nje, na kinachokufikia kina rangi ya kijani na ubaridi. Mwisho ni zile zilizoandikwa 60x60 au 100x80 nazo zinaenea kiganjani. Chukua rula upime lenzi ya mbele. Lenzi ya milimita 60 ni pana kuliko mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, wala haiingii mfuko wa shati.

Sasa kioo chenyewe. Ndani ya kila bomba mna lenzi kadhaa na prizimu, yaani vipande vya kioo vya kuigeuza picha isimame wima. Kila mahali nuru inapoingia au kutoka kwenye kioo kitupu, asilimia 4 hivi hurudishwa nyuma. Mabomba yenye nyuso kumi za namna hiyo yangepoteza theluthi nzima ya nuru. Mpako wa tabaka nyingi hushusha hasara hiyo hadi nusu asilimia au pungufu kwa kila uso, na hapo hubaki zaidi ya asilimia 95. Uangalie maneno: darubini inaweza kuandikwa kwamba imepakwa, maana yake uso mmoja au miwili tu, na inaweza kuandikwa kwamba nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Hilo la pili ndilo unalolipia.

Prizimu ziko za aina mbili. Za Porro, zilizopewa jina la Mwitaliano Ignazio Porro aliyezibuni katikati ya karne ya 19, huipa darubini mabega mapana. Ni nafuu kuzitengeneza vizuri. Za paa, zenye uso kama paa la nyumba, zimekaa kwenye mstari ulionyooka, ndiyo maana darubini nyingi za mfukoni huzitumia, ila zinadai usahihi mkubwa zaidi kiwandani na mipako miwili ya ziada. Mmoja ni mpako wa fezi, unaozuia nuru iliyogawanyika mara mbili isijivuruge inapokutana tena. Mwingine ni wa kurudisha nuru kama kioo cha kujitazamia, ndani ya prizimu: alumini hurudisha nuru asilimia 90 hivi, fedha 95 na zaidi, na dailektriki, yaani tabaka nyingi zisizo za metali, huvuka 99. Darubini ya paa isiyo na mpako wa fezi huonyesha manyoya ya ndege kama yamepakwa mafuta. Mistari myembamba ya kifuani inajifuta. Kwa pesa ndogo basi, Porro ya kawaida huishinda ya paa ya bei ile ile, ingawa hujaza mfuko zaidi.

Macho yako nayo yapimwe kabla ya safari ya dukani. Simama mbele ya kioo, weka rula chini ya macho, au umwombe mtu apime huku unatazama mbali: umbali kati ya mboni mbili kwa watu wazima wengi ni milimita 56 hadi 72. Darubini lazima ijikunje hadi ifike kipimo chako. Hili huwakumba hasa wenye uso mwembamba na watoto, ambao huona duara mbili zisizokutana wakadhani kifaa ni kibovu. Kama unavaa miwani ya macho, tafuta kipimo cha umbali wa jicho: milimita ambazo jicho linaweza kukaa mbali na lenzi na bado likaona picha nzima. Chini ya 15 utaona katikati tu, kingo zimeliwa. Vikombe vya mpira vya kuzungusha hushushwa kwa mwenye miwani na huinuliwa kwa asiyenayo. Visipoganda mahali ulipoviacha, vitakuudhi kila siku.

Dukani usijaribu ndani kwenye taa. Omba kutoka mlangoni. Kwanza ishike darubini sentimita 30 mbele ya uso, ielekeze kwenye anga nyeupe mbali na jua, utazame yale maduara mawili ya nuru. Yawe ya mviringo kamili. Yakiwa na pembe kama almasi na kingo za kijivu, prizimu ni za kioo duni kinachodondosha nuru pembeni. Pili, lenga ubao wenye maandishi upande wa pili wa barabara, halafu usogeze herufi zile hadi ukingoni mwa picha: kufifia kidogo ni kawaida, lakini kama nusu nzima ya nje ni ukungu, rudisha. Tatu, tazama waya wa umeme au kunguru aliyekaa juu ya paa dhidi ya anga. Ukanda wa zambarau upande mmoja na kijani upande mwingine ni rangi zilizoshindwa kukutana. Kioo cha ED, yaani kinachotawanya rangi kidogo, huupunguza sana.

Kipimo cha nne ndicho kikubwa, maana kosa lake halitengenezeki nyumbani. Tazama ukingo wa paa la nyumba uliolala sawa, kisha isogeze darubini taratibu kutoka machoni, sentimita 10 au 15, huku ukiendelea kuuona ukingo huo katika maduara yote mawili. Mstari ukipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, mabomba hayatazami mahali pamoja. Ubongo hulazimisha picha ziungane, na baada ya dakika ishirini kichwa kinauma, macho yanachoma, na mtu anasema yeye darubini hazimfai. Huwa darubini imeanguka tu, dukani au njiani. Ndiyo sababu ya kukijaribu kipande kile kile utakachobeba. Cha maonyesho kinaweza kuwa kizima, na kilichofungwa kwenye boksi kikawa kimeteguka.

Ukubwa wa mfuko haukisiwi kwa macho. 8x25 iliyokunjwa ina urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 290 hadi 350: hiyo ni ya mfuko wa jaketi au wa pajani, na mfuko wa shati utaning'inia. 8x20 ya gramu 240 hukaa kwenye shati, kwa gharama ya duara la nuru la 2.5. Zenye bawaba mbili hukunjika zikawa bapa, lakini kila ukizifungua unaanza upya kuzipanga kwa macho yako. Jaribu hivi: fungua, shika bomba moja likiwa limelala, uachie jingine. Likishuka lenyewe, bawaba imelegea leo, na mwakani itakuwa mbaya zaidi.

Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, kuzuia maji kuna maana zaidi ya mvua. Joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na ukungu huo hula mpako. Tafuta iliyozibwa kabisa na kujazwa naitrojeni. Hewa kavu ile ndani haina unyevu wa kugeuka umande ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Iliyoandikwa kwamba inahimili matone tu haijazibwa. Iwapo unanunua iliyotumika, mulika tochi kutoka lenzi ya mbele na uchungulie upande wa jicho: utando, vumbi na mikwaruzo vitajionyesha vyenyewe. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, si ndani ya kifuko chake cha ngozi, ambacho chenyewe huvuta unyevu.

Kwa mifano ya kulinganishia: Zeiss Terra ED Pocket 8x25 ina gramu 310 na huonyesha mita 119 kwa mita 1000, wengi wanaridhika nayo kama nzuri isiyofilisi. Zeiss Victory Pocket 8x25 hufika mita 130, na Swarovski CL Pocket 8x25 ina umbali wa jicho wa milimita 17, nzuri kwa mwenye miwani. Zote mbili ni ghali sana. Kwa vipepeo na vyura kuna Pentax Papilio II 6.5x21, ya prizimu za Porro, inayolenga kitu kilicho nusu mita tu. Hiyo haijazibwa dhidi ya maji, kwa hiyo masika uwe na mfuko wa plastiki.

Ukishainunua, ipange siku moja kabla ya safari. Kunja bawaba hadi maduara mawili yawe moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi, maana kufumba jicho moja hulikaza na lile jingine. Lenga kitu cha mbali kwa gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha ziba ya kushoto na uzungushe pete ya diopta, ile ya kusawazisha tofauti ya macho mawili, ambayo mara nyingi huwa upande wa kulia, bila kuligusa gurudumu. Pete ikikaa pake, ikumbuke alama yake, kwani mfukoni husogea.

Uwanjani, zima injini kabla ya kuegemeza viwiko kwenye dirisha la gari, la sivyo mtetemo wake wote unaingia kwenye picha. Ukisimama, bana viwiko kwenye mbavu. Vumbi jekundu la Tsavo usilifute kwa ncha ya shati: mna chembe za mchanga ngumu kuliko mpako, na mkwaruzo wake ni wa kudumu. Puliza kwa kipulizio cha mpira, sukuma kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo. Na jua lisitazamwe kwa darubini hata kwa sekunde moja, wala mtoto asiachiwe nayo nje peke yake. Jicho huungua bila kuuma.

Mwisho, barabarani. Kambi za jeshi, mipaka, viwanja vya ndege na madaraja yenye walinzi si mahali pa kutoa darubini, hata kama kuna tai juu ya nguzo. Ikunje, itie mfukoni, ufunge kifungo kabla gari halijafika kizuizini.